Mchi wa Pili

Penye kifusi, sikio hutangulia ulimi. Mmeisikia leo katikati ya mabishano yenu ya simu, mkadhani ilitungwa na watu wa kale. Wapi! Mimi nimeizidi umri methali hiyo. Chanzo chake nakijua, basi wekeni simu chini niwaeleze.

Karibu na stesheni palikuwa na jengo la ghorofa nne, likiitwa Jengo la Mkuyu. Asubuhi moja lilianguka lote. Ndani alikuwemo Kashindye, fundi cherehani wa chumba cha chini. Dada yake, Nyamizi, hakuwa na ndugu mwingine wa tumbo moja.

Nyamizi alishinda pale kutwa nzima, vumbi likimkausha koo. Wakatolewa majeruhi, wakatolewa maiti, Kashindye hakuonekana. Jioni wazee wakamrudisha nyumbani, wakatandika mikeka, msiba ukaanza bila maiti.

Moyo wenye uchungu hutafuta wa kumlaumu, na simu ikampa. Katika kundi la mtaa hakuna aliyewataja waliofukiwa. Watu walibishana nani kaliangusha jengo. Mmoja alisema ni jini la mkuyu uliokatwa ili jengo lijengwe, limelipa kisasi. Mwingine akaapa kwamba ni baruti. Lakini wengi walishikilia hili: chini ya jengo kuna mali aliyoificha Mjerumani, na watu wamechimba handaki kuifuata hadi misingi ikalegea. Nyamizi alilikumbatia hilo. Kila aliyepinga alimporomoshea matusi, yeye ambaye hata kuku alimfukuza kwa upole.

Kulipokucha, Lushinge, mpangaji aliyekuwa na duka jengoni na ambaye siku ile alikuwa safarini, alirusha sauti kundini. Akaandika: "Sikieni wenyewe. Wachimbaji bado wako chini!"

Sauti ile ilitisha. Haikuwa na neno hata moja. Ilikuwa na pumzi nzito, kisha chuma kikigonga saruji: ko. Kimya. Ko. Kimya. Mwishoni, vipigo viwili vyepesi vya harakaharaka. Kundi likawaka moto. Huyu alisema ni sururu, yule akasema ni tindo. Nyamizi aliisikiliza tena na tena, kisha naye akairusha katika kila kundi alilokuwemo ili watu waamini.

Mchana, uani, shangazi yake na jirani walikuwa wakitwanga kisamvu cha wafiwa, michi miwili katika kinu kimoja, wakipokezana. Jirani akaitwa mlangoni. Shangazi hakusimama. Aliendelea peke yake huku akimwachia mwenzake zamu, kama tunavyofanya siku zote, ili akirudi aingie bila kugongana. Ko. Kimya. Ko. Kimya.

Nyamizi akaitambua ile sauti ya simuni. Alikuwa ametwanga hivyo na kaka yake tangu utotoni. Na Kashindye alikuwa na utani wake: dada akichelewa kuingiza mchi, aligonga ukingo wa kinu mara mbili, upesiupesi, kumhimiza.

Akampigia Lushinge.

"Kaka Lushinge, ile sauti umeitoa wapi?"

"Dada yangu, achana nayo. Wewe una msiba."

"Nimekuuliza, nani aliituma?"

"Iliingia jana jioni kwenye kundi la wapangaji. Kwa namba ya marehemu. Tukajua wachimbaji wameiokota simu yake. Hatukutaka kukutonesha kidonda."

"Marehemu gani?" Nyamizi akauliza. "Nani kati yenu ameiona maiti ya kaka yangu?"

Hakungoja jibu. Alikimbia peku hadi stesheni. Pale kwenye kifusi umati ulikuwa umesimama, simu juu, kila mtu akieleza lilipopita handaki. Waokoaji walikuwa wameomba kimya tangu asubuhi, hawakukipata. Nyamizi alipanda juu ya zege, akaokota jiwe, akagonga nondo iliyochomoza. Akaacha nafasi. Akagonga. Akaacha nafasi.

Mtu mmoja akacheka. Kisha, katika ile nafasi, chini kabisa ya miguu yao, kukaitika: ko.

Umati wote ukanyamaza. Mlisikia wapi watu wengi hivyo wakinyamaza hata nzi akasikika? Waokoaji wakaanza kuchimba kwa mikono, yeye akigonga, chini kukiitika. Lakini majibu yalizidi kukawia. Alasiri Nyamizi aligonga ukingo wa zege mara mbili, upesiupesi, kumhimiza kaka yake. Hakuitika.

Walipomfikia, mkono wake ulikuwa bado umeshika mkasi wa kukatia vitambaa. Mwili ulikuwa na joto. Nyamizi alilipapasa joto lile kwa viganja vyake mpaka likaisha, na ninawaambia wazi, mimi nililia.

Walipokuwa wakimteremsha, sauti ikaanza tena: ko. Kimya. Ko. Watu wakaganda, wakageukia kifusi. Ilikuwa inatoka mfukoni mwa kijana mmoja, simu yake ikiicheza ile sauti yenyewe. Kijana akaizima haraka, akasema kwa aibu, "Lakini mama, handaki lazima lipo, maana..."

Nyamizi hakumtukana. Alimtazama tu, akasema, "Mwanangu, alikuwa ananiita, nami nikawa nabishana. Penye kifusi, sikio hutangulia ulimi."

Handaki halijaonekana hadi leo, na wapo wanaoendelea kulibishania. Nyamizi hatwangi tena na mtu. Hutwanga peke yake, na ukipita nyuma ya ua wake utasikia anavyoiacha ile nafasi. Wengine huharakisha hatua wapitapo pale, wasije wakasikia imejazwa.

Basi chukueni simu zenu. Lakini penye kifusi, wajukuu zangu, sikio hutangulia ulimi.