Mama Mkwe wa Bati

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni mwaka juzi tu, msidhani nawapeleka enzi za mazimwi, palikuwa na mzee pale Same aitwaye Mzee Mgonja. Alikuwa haoni. Presha ya macho ilimchukulia jicho la kulia, ikapumzika mwaka mmoja, ikarudi kuchukua la kushoto. Lakini ujanani alikuwa dereva wa mbio za magari, na gari la mbio alilitengeneza mwenyewe: Datsun ya buluu. Aling'oa viti vya nyuma, akapandisha springi, akachomelea bomba la chuma mbele na taa nne kama macho ya buibui. Akaliita Mama Mkwe. Kwa nini Mama Mkwe? Kwa sababu likitokea barabarani kila mwanamume anaingia porini kulipisha.

Gari lenyewe liliuzwa chuma chakavu kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Vilibaki vitu viwili: picha moja, na karakana ya mabati yenye mashine ya kulehemu, vaisi mbili za kubania vyuma na umeme. Mzee alipoona mwili unamkimbia, akamwita binti yake Nanzia, akatangaza mbele za watu:

"Atakayeniwekea Mama Mkwe mikononi, hata akiwa mdogo kama paka, nikamtambua kwa vidole, karakana yake. Mtu mmoja tu. Nikiwapa wengi mtaiuza mgawane. Na nisiulizwe kitu. Mkiniuliza, gari nitakuwa nimelijenga mimi."

Nyie wenye ajira zenu mnasikia chumba cha mabati. Watu watatu pale mtaani walisikia maisha.

Wa kwanza ni Nakijwa. Digrii ya uhandisi mitambo, GPA ya kutisha, na miaka minne ya kutuma barua za kazi. Kila intavyuu anaulizwa experience. Experience ataiokota wapi, jalalani? Anauza maandazi, na wateja wanamwita Injinia huku wanacheka. Wa pili ni Senkondo, fundi wa koroboi na majiko, ambaye karakana yake ni kivuli cha ukuta wa watu, na wenye ukuta wameshamwambia ahame. Wa tatu ni Sifaeli, mchonga viatu vya katambuga, anayelimenya tairi la gari kama wewe unavyomenya papai, ila mvua ikinyesha hana pa kukaa.

Nakijwa akasema, "Mimi nina hesabu, sina mkono wa bati."

Senkondo akasema, "Mimi nina mkono wa bati, sina hesabu."

Sifaeli akasema, "Mimi nina kisu. Gari bila magurudumu ni sufuria."

Wakakubaliana walijenge pamoja, Mzee mwenyewe ataje nani amestahili.

Nakijwa akaichukua picha. Mzee, kijana wakati huo, amesimama kando ya gari, amevaa suruali ya bugaluu iliyofagia chini, mkono juu ya paa. Injinia akafurahi. "Nikijua urefu wa Mzee, najua urefu wa gari. Simple." Akaenda na utepe wa fundi cherehani.

"Shikamoo Mzee. Simama kidogo, tunakupima suti ya Pasaka."

Mzee akasimama peku, mgongo umepinda. "Marahaba. Suti ya Pasaka, au ile ya sandukuni?"

Wakacheka wote. Nakijwa akapima, akagawa kwa nane, akachora gari zima mstari kwa mstari.

Senkondo akapasua debe la mafuta ya alizeti, akalikunja juu ya gogo, akalehemu kwa risasi. Boneti inafunguka. Taa nne akatengeneza kwa vizibo vya soda. Antena, ujiti wa mwavuli. Sifaeli naye akaingia uani kwa Mzee, akakuta tairi moja kuukuu ambalo kuku wanatagia. Akawafukuza kuku, akapima, akagawa kwa nane, akachonga magurudumu manne yenye kashata zote za tairi, hakuruka hata moja.

Siku ya kuunganisha, magurudumu yakagoma. Yaligota kwenye madigadi, yale mabati yanayofunika gurudumu kwa juu. Gari dogo, magurudumu makubwa.

"Punguza magurudumu," akasema Nakijwa.

"Sipunguzi. Nimepima tairi, tena kwa mikono yangu. Punguza digrii yako."

"Hesabu haidanganyi!"

"Basi anadanganya mwenye hesabu."

"Mimi msinitie humo," akasema Senkondo. "Nimekata ulivyochora wewe dada. Si kosa langu."

"Si kosa langu," akasema Sifaeli.

"Wala langu," akasema Nakijwa, na kwa nini akubali? Mtu aliyeambiwa miaka minne kwamba hafai, utamsikia lini akisema amekosea?

Siku ya pili, si kosa langu. Siku ya tatu, si kosa langu, na Mzee akaacha ugali. Siku ya sita, si kosa langu, na Mzee akaacha uji. Siku ya tisa Nanzia alikuwa anamlowesha baba yake midomo kwa pamba, na nje wale watatu wananuniana, gari limekaa juu ya tofali kama kuku aliyenyonyolewa.

Siku ya kumi na moja Nanzia akatoka na hasira zake. Akaipokonya ile picha.

"Injinia, hii bugaluu imefunika nini?"

"Miguu."

"Imefunika viatu vya raizoni! Baba alikuwa na raizoni za inchi nne, marehemu mama akizichukia mno. Na mgongo ulikuwa bado umenyooka. Umempima mzee, ukajenga gari la kijana."

Nakijwa akaitazama picha upya. Hesabu yote ilikuwa imesimama juu ya visigino: kijana wa pichani alikuwa mrefu kuliko mzee aliyepimwa, ndiyo maana gari likatoka dogo.

Senkondo hakuuliza mtu. Akachukua mkasi wa bati, akakata madigadi yote manne, kata kata kata, kingo zikabaki na meno. Magurudumu yakaingia.

"Umeliharibu!" Nakijwa akalia. Machozi ya kweli.

"Hatuna siku nyingine," akasema Senkondo.

Wakampelekea hivyo hivyo. Nanzia akamwekea baba yake gari kifuani. Vidole vikapita juu ya paa. Vikapita kwenye boneti, kwenye taa, kwenye bomba la mbele.

"Gari zuri," akasema Mzee, kama mtu anayesifia mtoto wa jirani.

Kisha vidole vikafika kwenye madigadi. Bati likamchana. Vikasimama. Mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Nani kawaambia? Picha ilipigwa siku moja kabla! Asubuhi ya mbio naleta matairi ya pikapu, nimeyanunua kwa kukadiria kwa macho, hayaingii. Nikachukua msumeno, nikakata madigadi mapya kabisa. Mama Nanzia alilia! Ni yeye. Mama Mkwe huyu."

Wote wakasogea. Mzee akameza mate kwa shida.

"Karakana mpeni aliyekosea kama mimi."

"Yupi, Baba?" akauliza Nanzia. "Baba, yupi?"

Mzee alikuwa amesukuma gurudumu moja kwa kidole. Likazunguka, likazunguka, likapunguza, likasimama. Kidole hakikulisukuma tena.

Wakazika. Wakaanua matanga. Asubuhi yake wale watatu wakajikuta mbele ya mlango wa karakana, na Nanzia ameshika ufunguo. Na watu wale wale, kwa midomo ile ile, mkawasikia wanasema nini?

"Ni kosa langu," akasema Nakijwa. "Mzee alikadiria kwa macho, na mimi nilikadiria kwa picha. Nisingepima vibaya, gari lingetoka lile la kabla ya mbio, zuri, na asingelitambua. Jamani, mara moja tu katika maisha kosa langu limefaa kitu."

"Ni kosa langu," akasema Sifaeli. "Mzee alileta matairi ya gari lingine. Mimi je? Niliokota tairi la kuku bila kuuliza ni la gari gani. Mkaniambia punguza, nikakataa. Ningepunguza, nani angekata?"

"Ni kosa langu," akasema Senkondo. "Aliyeshika msumeno ni Mzee, aliyeshika mkasi ni mimi. Huyu dada si alisema mbele yenu kwamba nimeliharibu? Sasa leo uharibifu ni wake? Vidole vya Mzee havikusimama kwenye hesabu wala kwenye tairi. Vilisimama pale nilipokata."

"Mwongo!" akasema Nakijwa.

"Mwongo ni wewe na raizoni zako!"

"Nyamazeni!" Nanzia akasema. "Siku kumi na moja. Siku kumi na moja Baba alilala kitandani anasikilizia nyundo, na nyundo kimya. Angelipata gari siku ya kwanza, angekuwa na pumzi ya kutaja jina. Hilo nalo ni kosa, na ni lenu wote. Mbona hilo hamligombanii?"

Nanzia akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga, akaondoka.

Karakana imefungwa mpaka leo. Senkondo ameshafukuzwa ukutani. Nakijwa ametuma barua nyingine, na hajajibiwa. Sifaeli mvua ikinyesha anajifunika nailoni. Wakikutana sokoni hawasalimiani, na Nanzia anasema yuko tayari kutoa ufunguo hata kesho, ili mradi atokee mtu wa kumwambia baba yake alimaanisha nani.

Haya, nyie mnaojua kila kitu, mliokaa hapo na shule zenu. Mzee alisema mtu mmoja, na alisema aliyekosea kama yeye. Mmoja alipima vibaya, mmoja aliokota tairi bila kuuliza, mmoja alikata bati lililokuwa zima. Je, ni kosa la nani lililostahili karakana?