Mita Zisizokuwepo za Faki Pangu Pakavu

Hapo zamani, si zile za majini kuwajengea watu majumba kwa usiku mmoja, bali zile za baadaye kidogo, mafundi walipokuwa wakijenga kwa miaka saba na kuondoka kabla ya kutia milango, palikuwa na mji ukiitwa Furahani, na Sultani wake akiitwa Jabir bin Dahir. Sultani huyu alikuwa mtu mwema kwa siku nyingi za juma. Aliwaletea raia zake umeme wa kuwashia taa, na gesi ya kupikia ikipita ndani ya mabomba mpaka jikoni, akamweka Waziri Shaibu kuvisimamia, akampa jina la Waziri wa Moto na Nuru. Naye Waziri Shaibu, ambaye hakujua kuwasha hata kibiriti, akaanzisha daftari.

Daftari lilikuwa kubwa hata likawa na mtumishi wake wa kulibeba kichwani, na waziri hakwenda popote bila daftari hilo, ikiwa ni arusini au mazikoni. Kila mita ya umeme na kila mita ya gesi katika mji sharti iandikwe humo. Iliyoandikwa ilikuwa mita. Isiyoandikwa, hata ikiwa imetundikwa ukutani na kisahani chake kinazunguka mbele ya macho ya watu, waziri alisema haipo.

Basi katika mji huo alikaa mtu mmoja akiitwa Faki, na watu wakimwita Faki Pangu Pakavu, maana pake palikuwa pakavu kila siku na mchuzi wa kutia ni wa kuomba. Kazi yake ilikuwa maneno, na maneno hayajazi chungu. Aliyejaza chungu ni mkewe, Bi Zuwena, aliyepika maandazi asubuhi na kachori jioni, na Ramadhani ikifika akiuza futari kwa mtaa mzima. Wawili hawa walipanga vyumba viwili na jiko katika ghorofa ya juu kabisa ya nyumba ya Tajiri Mselemu. Tajiri alikwisha kutundika mita mbili kando ya mlango wa jiko, moja ya umeme na moja ya gesi, lakini hakwenda kuziandikisha, kwa kuwa kwa waziri kuna foleni, na tajiri hasimami foleni.

Ikawa siku moja katika mwezi wa Shaabani watu wa waziri wakapanda ngazi wakihema, wakaziona mita, wakauliza, "Hizi ni za nani?"

Faki akajibu, "Naziona ni za ukuta, maana ndio uliozishika."

Hawakucheka. Wakamwambia aende kwa waziri, na asipokwenda jiko litafungwa na kutiwa lakiri.

Faki akaenda. Ilipofika zamu yake karani akafunua daftari, akapitisha kidole, akasema, "Hazimo."

"Basi ziandike, bwana karani, nami niende zangu."

"Haiandikwi mita isiyo na ankara ya mwaka jana."

"Ankara haikuletwa, kwa kuwa hazikuandikwa."

"Na ndiyo sababu haziandikwi," karani akasema kwa upole, kama amwelezaye mtoto, kisha akamwita wa nyuma yake.

Faki akamwendea mwenye nyumba. Tajiri Mselemu akamkaribisha, akampa kahawa, akamwambia, "Faki mwanangu, mimi nilikupangisha vyumba. Mita sikukupangisha. Malizana na wakubwa wenyewe." Kahawa ilikuwa nzuri, na ndiyo faida pekee aliyoipata Faki siku ile.

Basi haikubaki njia ila kwenda barazani. Sultani akamsikiliza mpaka mwisho, maana ilikuwa katika zile siku zake njema, lakini Waziri Shaibu akainama akamnong'oneza sikioni, na Sultani akasema, "Faki, kisichoandikwa katika daftari langu hakipo. Hiyo ndiyo sheria."

"Maulana, mbona mke wangu anakipikia?"

Waziri akadakia, "Maulana, mtu huyu anabishana na daftari! Kama kweli mita zake zipo, na azilete hapa barazani tuzione kwa macho. Lakini asizing'oe ukutani, maana ang'oaye mita hufungwa. Kumi la kwanza la Ramadhani likiisha bila kuziona, basi hazipo, na nyumba isiyo na mita haikaliwi na mtu. Atoke, yeye na mkewe na masufuria yao."

Watu wa barazani wakacheka, maana mja wa kawaida hucheka upande wa waziri. Sultani naye akasema, "Na iwe hivyo."

Faki akainama. "Nimesikia na nimetii. Ila mimi mjinga, Mheshimiwa Waziri, nisije nikakosea njia. Barazani hasa ni wapi?"

"Mpumbavu wewe! Alipo Sultani ndipo barazani. Akiwa bustanini ni bustanini, akiwa safarini ni safarini. Hata mtoto mchanga analijua hilo."

"Ahsante. Nilitaka kuambiwa na mkubwa." Kisha akamgeukia Sultani. "Nami, Maulana, nina haja moja. Nakualika uje kufuturu kwangu siku ya kumi ya mfungo."

Kicheko kikakatika. Yafaa ijulikane kuwa babu yake Sultani alipata kushinda na njaa vitani, akala futari ya mchunga mbuzi, akaweka nadhiri kwamba yeye na wana wa wanawe hawatakataa mwaliko wa futari wa raia yeyote. Nadhiri ilikuwa hai, ila mwaliko haukuonekana miaka mingi, kwa kuwa Sultani hali peke yake. Huja na waziri, na kadhi, na wapambe, na hao wapambe ndio walao hasa.

"Umefikiri vizuri, Faki?" Sultani akauliza. "Nina watu."

"Waje wote, Maulana. Na Mheshimiwa Waziri aje na daftari lake, asije akalikumbuka katikati ya chakula."

Faki akarudi nyumbani akiwa ameridhika na nafsi yake. Akamkuta Bi Zuwena anachambua mbaazi, akamweleza yote. Bi Zuwena akaweka ungo chini.

"Umemwalika nani?"

"Sultani."

"Faki, wewe ni mzima? Tunafukuzwa nyumba, nawe unaita wageni! Utawalisha nini, maneno?"

Akaanza kulia. Na hakulilia wageni, alililia jiko. Miaka yote kabla ya hapo alipika kwa mkaa ukumbini kwa watu, machozi yakimtoka kwa moshi, mwenye nyumba akimfokea kwa masizi. Hapa alizungusha kifundo cha gesi tu na moto ukaja, wa buluu, usio na moshi, na mbele yake dirisha lililoelekea ngazini, la kuitikia wateja. Ndani ya jiko lile alikuwa mtu mbele za watu. Faki akakaa chini, akavuta ungo, akachambua mbaazi pamoja naye.

"Mama," akamwambia mkewe, "wewe pika kama hujapata kupika. La mita niachie mimi."

Ramadhani ikaandama. Majirani waliposikia habari wakafanya yao, maana katika mji ule nyumba hupelekeana futari na sahani haipiti ngazini bila kufunikwa kawa. Lakini Faki akawaomba neno la ajabu: "Vilivyopikwa msituletee. Tuleteeni vibichi." Wakaona ni wazimu wake wa kila siku, wakaleta mchele, nazi, mihogo, tambi, na jogoo mmoja mkubwa. Bi Zuwena akazungusha kifundo.

Siku ya kumi jioni Sultani akapanda zile ngazi na saumu yake, akipumzika kila ghorofa, na nyuma yake kadhi, na wapambe, na Waziri Shaibu, na mwisho kabisa mtumishi aliyebeba daftari, maskini, akitweta kuliko wote. Walipoketi mkekani jua likazama, adhana ikalia, Sultani akafungulia tende mbili na maji. Giza likaingia. Faki akabonyeza ukutani, taa ikawaka, na wakaona kilichowekwa mbele yao.

Palikuwa na uji wa pilipili manga, na mihogo ya nazi, na mbaazi, na tambi, na vitumbua vilivyoumuka, na katikati sinia la wali na yule jogoo juu yake. Wakala kwa kimya cha watu waliofunga. Sultani akatafuta firigisi, maana firigisi ni ya mkubwa wa sinia, akapekua huku, akapekua kule, hakuiona. Akastahi, akaendelea. Hata alipokwisha akanawa, akashika tumbo lake, akasema kwa sauti mbele ya wote, "Alhamdulillahi! Nimekula, nimeshiba. Tangu nimetawala sijala futari kama hii."

Hapo Waziri Shaibu akamwita mtumishi alete daftari. "Maulana, kumi la kwanza limekwisha, na mita hazikuletwa barazani. Naomba ruhusa vyumba hivi vitiwe lakiri."

Faki akasimama, akapiga magoti mbele ya Sultani. "Maulana, niliamriwa nilete mita mbele ya baraza bila kuzing'oa. Mheshimiwa Waziri alinifunza kuwa alipo Sultani ndipo barazani. Mita zangu mbili ni zile pale, kando ya mlango wa jiko, mbele yako. Sikuzing'oa. Ni baraza nililolipandisha ngazi."

Sultani akatazama mlango, akaziona, visahani vyake vinazunguka. Lakini waziri hakukubali kushindwa. "Maulana, hivyo ni vyuma! Hazimo daftarini, na wewe mwenyewe ulikwisha kusema, kisichoandikwa hakipo."

"Kweli tupu," akasema Faki. "Basi kama mita haipo, gesi yake haipo. Gesi haipo, moto haupo. Moto haupo, wali haukupikwa. Maulana amekula tende mbili, hizo nazikubali, lakini naye ametutangazia kuwa amekula futari akashiba. Mimi mjinga siwezi kulisema linalofuata. Mheshimiwa Waziri amesoma, na kadhi yupo hapa. Na atuambie, katika mwezi huu mtukufu, Sultani wetu amesema kweli au amesema uongo?"

Kadhi akainamia ndevu zake. Waziri akasema neno lihusulo hewa na joto la ngazi, likafia njiani.

"Na kama taa nayo haipo," Faki akaongeza taratibu, "basi tulikula gizani. Nastaajabu Mheshimiwa aliionaje ile firigisi chini ya wali."

Sultani akageuka kama aliyechomwa mwiba. "Kumbe ni wewe, Shaibu?"

Firigisi ile ndiyo iliyomaliza shauri. Sultani akasema, "Zipo! Ziandike sasa hivi, jina la Faki na jina la mkewe, maana ndiye aliyenishibisha. Nawe Faki, omba zawadi."

Faki akamtazama Bi Zuwena aliyesimama nyuma ya pazia la jiko, ameshika upawa kwa mikono miwili. "Maulana, dhahabu itatugombanisha. Naomba tu mita zetu ziandikwe chini ya mita za jumba lako, ukurasa mmoja, ili waziri mwingine akija kutufuta mkono umtetemeke."

"Haja ndogo hiyo. Shaibu, andika."

Waziri akafunua ukurasa wa kwanza. Akafunua wa pili. Akaenda mpaka mwisho, akarudi mwanzo.

"Mbona hupati?"

"Maulana..." Waziri akafunga daftari. "Mita za jumba lako hazimo. Hakuna karani aliyethubutu kukuomba ankara ya mwaka jana."

Faki akawa wa kwanza kusema, kwa huruma kubwa: "Pole sana, Maulana. Usiku umeingia, na nyumba isiyo na mita haikaliwi na mtu. Yetu sasa inazo, kwa kauli yako mwenyewe. Zuwena, mtandikie Sultani."

Sultani akamtazama Faki, akamtazama waziri, akacheka hata kilemba kikamdondoka. Alipopata pumzi akavuta mto, akajiegemeza.

"Shaibu," akasema, "umesikia sheria. Kama jumba langu lina mita, zilete barazani nizione. Ila usizing'oe ukutani."

"Maulana, barazani... wapi?"

"Alipo Sultani. Nami leo nalala hapa."

Watu wasemao kweli husema alikaa mpaka Idi, akinunua futari dirishani kwa Bi Zuwena kama wateja wengine na kusubiri zamu yake, na firigisi hakuikosa tena. Waziri Shaibu walimwona mara nyingi jumbani, ameshika ukuta kwa mikono miwili, akiubembeleza. Nami hekaya yangu naitua hapa. Atakaye kuibeba na aibebe, ila asiniulize kama imeandikwa.