Mpisheni Babu Kobe

Zamani za kale hizo, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majirani, wakubwa waliwaambia wadogo: "Chemchemi ni moja. Tucheze koche. Bao la kwanza ndilo la ushindi, na walioshindwa wasinywe hapa mpaka masika."

Koche ni tunda gumu la mkoche. Kila mchezaji ana fimbo yenye kifuko cha wavu nchani. Unalidaka, unakimbia nalo, unalitia langoni.

Wakaanza. Nyati, vuum! Kifaru, puu! Digidigi akarushwa kichakani. Koche likagonga mlingoti wa lango la wadogo, ko! Kidogo tu liingie.

Wakati wa mapumziko Digidigi alilia. "Wanangu watakufa kwa kiu!"

Nguchiro, nahodha wao, hakulia. Yeye alikuwa akitazama.

"Mmeona? Nyati na Kifaru wakikimbia huinamisha vichwa. Hawaoni mtu, wanafuata vumbi. Basi tuwape vumbi!"

"Na Kiboko, mlinda lango wao, je?" Digidigi aliuliza. "Kajaa lango zima!"

"Kiboko kalelewa vizuri," Nguchiro alisema, akamgeukia Kobe, mkubwa wao kwa umri. "Babu, usilinde tena nyuma. Koche utalibeba wewe."

"Mimi? Kwa miguu hii?"

"Miguu hiyo hiyo. Tena usikimbie."

Filimbi, pii! Digidigi akalidaka koche, akalidondosha kwenye wavu wa Kobe. Kisha wadogo wote wakakumbatia nyavu tupu vifuani, wakatimua mbio upande wa mto uliokauka. Tifu, tifu! Nyati na Kifaru nyuma yao, vichwa chini: "Mshike! Mshike!"

Upande wa pili, Kobe anatembea. Taratibu. Mimi nimesimuliwa tu, lakini mwili unanisisimka!

Akafika langoni. Kiboko akainuka upesi.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nipishe."

Aliyefunzwa adabu hamzibii mzee njia. Kiboko akasogea kando, macho chini. Kobe akaingia, akaliangusha koche. To!

"Babu!" Kiboko alishika kichwa. "Kumbe na wewe unacheza?"

"Tangu asubuhi, mjukuu wangu."

Nyati akarudi akikohoa vumbi. Akalitazama koche langoni, akamtazama Kobe, asiamini. Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha akaenda mwenyewe hadi chemchemini, akarudi nyuma hatua chache.

"Karibu, babu," alisema kwa sauti ndogo. "Anza wewe kunywa."

Basi, wanangu, mwenye nguvu usimsukume. Tazama anakoelekea, nawe upite kwingine.