Fisi Aliyemkatia Mbuzi Majani

Paukwa!

Pakawa!

Mmenong'ona, hamjaitikia. Nawe unayetafuna mihogo huko nyuma, meza kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Zamani hizo, mbuzi alipokuwa hajui kamba wala mchungaji, Bi Mbuzi aliishi bondeni, kando ya mto usio na adabu. Kila masika uliingia nyumba za watu bila hodi.

Mwaka huo Bi Mbuzi alikuwa na mtoto wa siku saba. Mvua haijadondosha hata tone, yeye akafunga mzigo wa majani makavu, akaupandisha mlimani. Akashuka. Akafunga, akapandisha. Akashuka. Akafunga, akapandisha.

Jirani yake Fisi, naye ana kichanga nyumbani, akamwuliza majani yote hayo ni ya nani. Bi Mbuzi akajibu ni ya mtoto. Fisi akacheka mpaka akakaa chini. Mtoto hana jino hata moja, analimbikiziwa majani!

"Mtoto ananyonya mama," akasema Bi Mbuzi. "Mama naye anyonye nini?"

Fisi akacheka tena, akaenda zake kulala.

Masika yakaingia, mto nao ukaingia. Wanyama wote wakakimbilia mlimani. Fisi akafika na mwanawe mdomoni, lakini mkewe alikuwa amezuiwa na maji ng'ambo ya pili. Mtoto akalia njaa. Fisi akampa maji ya dimbwi, akaharisha. Akampa mfupa, akautazama tu. Akampa wimbo, ndiyo kwanza akazidisha kilio.

Basi Fisi, kiburi kimemwisha, akaenda kumwomba Bi Mbuzi. Bi Mbuzi aliogopa, tena sana, maana mwanawe alikuwa kanona na Fisi hajala tangu juzi. Lakini mtoto wa mwenzio akilia, ziwa halina uadui. Akamweka yule kwenye chuchu moja, wake kwenye ya pili. Wakanyonya wakalala, pua kwa pua.

Fisi akameza mate. "Wangu ameshiba," akasema. "Sasa nimle huyo wako."

Bi Mbuzi akamjibu. "Mle. Lakini hawa wamenyonya ziwa moja, ni ndugu. Ukimla huyu, umekula mwanao. Na kesho wako akilia, utampa wimbo?"

Wanyama wote wakamgeukia Fisi. Bi Mbuzi akamwambia kwamba sasa ananyonyesha wawili, na majani aliyoweka yalikuwa ya mmoja.

Fisi akaenda kukata majani. Akafunga, akapandisha. Akashuka. Akafunga, akapandisha. Akashuka.

Maji yalipopungua, Mama Fisi akavuka mbio, roho mkononi. Akamkuta mwanawe mzima, kanenepa. Akamkuta mumewe na mzigo wa majani mgongoni, akaona heri asiulize.

Ndiyo maana mgongo wa fisi umeteremka kwa nyuma mpaka leo, ni mizigo ile. Asiyeamini akamwulize mwenyewe, mimi nitamsubiri hapa.

Akiba ya mtoto mchanga ni mama aliyeshiba, nayo huwekwa jua likiwaka. Hadithi yangu nimeifikisha mlimani. Anayetaka kuishusha, aibebe mwenyewe.