Kiboko na Kamba ya Msiba

Hadithi inabisha hodi!
— Ipite, ikae!
Ina njaa!
— Ipakulieni!

Haya, sogeeni. Polepole, nafasi ipo. Na wewe mwenye sahani, usiifunike kwa ncha ya kanga. Kula. Hadithi hii haimkatazi mtu kula.

Hapo zamani, kwa kupenda kwake Mwenyezi Mungu, palikuwa na dimbwi moja lenye kina kirefu. Ndani yake waliishi Kiboko na mumewe. Mume alikuwa mnene. Mke alikuwa mnene. Wanyama waliokuja kunywa maji walisema, "Mashaallah! Hii ndiyo nyumba iliyoshiba!"

Kisha siku za mume zikaisha, Mola akamwita.

Na tangu siku hiyo unene uleule ukageuka kosa. Bi Korongo, mwenye miguu kama njiti za ufagio, alisimama ukingoni akasema, "Mjane gani huyu? Hebu tazameni mashavu, kama mitungi! Mume yuko kaburini, yeye yuko vilevile."

Kiboko akasikia. Akazama, chubwi! Akaibuka. Akazama, chubwi! Akaibuka. Hakujua auweke wapi mwili wake.

Sasa, katika msiba ule, aliyelia kuliko wote alikuwa Fisi. Hakuwa ndugu. Lakini alilia, "Uuuu-wii! Kaka yangu! Uuuu-wii!" mpaka watu wakaambiana, kumbe ni ndugu. Fisi alikuwa akililia dimbwi. Kiangazi kilikuwa kimeingia, na madimbwi mengine yote yalikuwa yamekauka. Mwenye dimbwi lile angewakamata wenye kiu wote bila kukimbia.

Akasimama mbele ya waombolezaji. Mara aende, mara arudi, hatulii.

"Jamani, mila yetu inasemaje? Anayemlilia mtu hukonda. Asiyekonda hakumpenda. Asiyempenda harithi! Basi shemeji Kiboko afungwe kamba kiunoni. Siku ya kuondoa matanga, kamba ikiwa imelegea, abaki. Ikiwa bado imembana, ahame, nirithi mimi ndugu mtu."

"Na chakula cha msiba?" akauliza Bi Korongo.

"Mjane hali," akasema Fisi. "Nitakitunza mimi."

Juu ya mawe ya kando ya dimbwi alikaa Pimbi. Mdogo kama paka, hana mkia, ana meno tu. Akashuka, taratibu.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Unataka nini, kafupi wewe?"

"Hiyo kamba yako ya ukindu itaoza majini. Watu watasema umemwonea mjane. Pale kuna ngozi ya nyati, mbichi. Haikatiki."

Fisi akainusa ile ngozi. Akailamba. "Ngozi nzuri hii."

"Na jambo jingine, mzee. Watu wananong'ona. Wanasema, kama huyu ni ndugu kweli, mbona yeye hafungwi?"

"Nani kasema?"

"Watu."

"Nifunge! Nifunge sasa hivi! Mimi tangu nizaliwe sijapata kunenepa. Mbavu hizi huzioni?"

"Naziona, mzee. Hata kipofu anaziona."

Pimbi akakata kamba mbili katika ngozi moja. Moja akamfunga Kiboko, ikamkaa sawasawa. Moja akamfunga Fisi, ikamkaa sawasawa. Lakini fundo la Fisi alilifunga juu ya mgongo, mahali ambapo jino la Fisi halifiki.

Asubuhi Fisi akaja ukingoni. "Shemeji, umekonda?"

"Bado, shemeji."

"Basi hujalia." Akala ugali wa msiba. Akala maharage. Akala samaki. Kwacha, kwacha.

Kesho yake akaja tena. "Shemeji, umekonda?"

"Bado, shemeji."

"Basi hujalia." Akala maboga. Akala nyama. Akalamba na sufuria. Kwacha, kwacha.

Kiboko hakula kitu. Tumbo lilinguruma majini, maji yakatoa mapovu, bu-bu-bu. Jioni alipotoka, Bi Korongo akamtazama juu, akamtazama chini. "Yuleyule," akasema.

Kiboko akarudi majini, akaomba, "Ee Mola wangu, nipunguze."

Pimbi akamsikia. "Dada, unaomba nini?"

"Niwe mwembamba kidogo. Nionekane nina uchungu."

"Kwani huna?"

Kiboko akageukia ng'ambo. "Ule upande wa kule, penye matete," akasema, "ndipo marehemu alipokuwa akilala. Mpaka leo sijaweza kupita pale."

Pimbi akasogea mpaka penye maji. Kisha akasema, "Dada, jioni nenda kale majani, ushibe. Ila mchana usitoke majini. Kamba ile haijui mapenzi. Inajua maji na jua tu."

Akaondoka, akaenda kwa Fisi. "Mzee, huku kivulini watu hawakuoni unavyoumia. Panda juu ya jiwe, ulie juani."

Fisi akapanda. Akalia, akala. Akala, akalia. "Uuuu-wii!" Kwacha, kwacha. "Kaka yangu!" Kwacha, kwacha. Jua likapiga ngozi, ngozi ikakauka. Tumbo likaenda nje, kamba ikarudi ndani. Kwiii.

"Pimbi, mbona pumzi haitoki?"

"Ni majonzi, mzee."

Siku ya kuondoa matanga ikafika. Wanyama wote wakaja. Fisi akauliza, "Shemeji, umekonda?" Lakini sauti ilitoka nyembamba, kama filimbi.

Kiboko akatoka majini. Kamba ya ngozi iliyolowa ilikuwa imevutika, ikining'inia mpaka magotini.

Bi Korongo akapiga yowe. "Maskini! Kaisha! Kabaki mifupa! Sasa huyu ndiye mjane!"

"Kweli kaisha," wakasema wengine. Na Kiboko hakuwa amepungua hata chembe. Jana yake tu alikuwa amemaliza nyasi za ukingo mzima.

Wakamgeukia Fisi. Kamba yake haikuonekana. Ilikuwa imezama katikati, tumbo huku, tumbo huku.

"Kumbe hakumpenda kaka yake!" wakasema wote.

Fisi akaruka huku, akaruka kule, akajibiringisha chini. "Pimbi! Kata!"

"Dimbwi la nani, mzee?"

"La... la..."

"Sisikii."

"La shemeji!"

"Nani shemeji yako?"

"Si shemeji yangu! Marehemu simjui! Dimbwi ni la Kiboko! Kata!"

Pimbi akatafuna fundo, kwaru, kwaru, pwaa! Fisi akatimka mbio, hakuaga, hakunawa hata mikono.

Wanawake wakamzunguka Kiboko. "Dada, umependeza! Ulifanyaje? Tuambie na sisi hiyo dawa!"

Kiboko akaivua kamba, akaitupa miguuni mwao.

"Sikupungua. Jana nilikula, leo nimekula, na Mola akinipa uzima kesho nitakula. Mwili huu aliyeupima ni Yeye, na mume wangu aliujua hivihivi ulivyo. Kilichopungua kwangu, ninyi hamkioni."

Akazama, chubwi! Hakuibuka pale. Aliogelea chini kwa chini mpaka upande wa kule, penye matete. Akaibuka hapo, akatulia.

Bi Korongo akatikisa kichwa. "Uchungu huo. Hajui hata anachosema. Mmeona lakini alivyokonda?"

Hadithi imeshiba!
— Inawe mikono!
Inaaga!
— Iende kwa amani!

Fundisho lake, wanangu, liko wazi. Ukifiwa, konda upesi, ili majirani zako wapate kulala. Ukishindwa kukonda, loweka kamba. Na mtu akija kukuambia kwamba mjane hali, mheshimu sana, huyo ni mtu wa mila.

Mimi fundisho hilo nimelishika vizuri. Mwenyezi Mungu amlaze mume wangu mahali pema. Haya, nani amekaa na bakuli la mchuzi? Lisogeze huku.