Msimamizi wa Mfereji Aliyewekwa Kando

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na mji kando ya jangwa ulioishi kwa mfereji mmoja. Kila shamba lilikuwa na zamu yake ya maji. Msimamizi wa zamu hizo alikuwa Shuaibu bin Mardasi, mchaji Mungu aliyeishika kazi hiyo miaka kumi na tisa pasi na mtu kumnyooshea kidole.

Ukaja mwaka wa kiangazi kikali. Mjane aitwaye Lubaba alikwenda kwa liwali akashitaki kwamba zamu yake hukatwa kabla ya wakati, mtama wake umekauka, na maji yake huelekezwa kwenye bustani ya Harithi, shemeji yake Shuaibu.

Liwali alimpenda Shuaibu, lakini alimwita siku ileile.

"Ndugu yangu," akamwambia, "sijakuhukumu. Ila madamu umesimama pale mferejini, nani katika wafanyakazi wako atathubutu kusema alichokiona? Kaa nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Posho yako itakufikia kama kawaida, lakini usifike mferejini wala usizungumze na watu wako."

Shuaibu alisema amesikia na ametii. Lakini moyo ni nyama. Mkewe, Bi Rumana, alilia, akasema watu hawatofautishi aliyewekwa kando na aliyefukuzwa. Na ikawa hivyo. Ijumaa iliyofuata, wale waliokuwa wakigombea kukaa karibu naye msikitini walimwachia nafasi ya watu wawili kila upande. Mara nyingi alivaa viatu aende mferejini kujitetea, kisha akavivua.

Siku ya tisa alikuja Dhakwani, mnyapara wake. Alieleza kwa furaha kwamba amekwisha kuwapanga wafanyakazi, wote watatoa kauli moja, na Lubaba ataahidiwa maji maradufu akinyamaza.

Shuaibu akamuuliza, "Kama mimi ni safi, uongo wako ni wa nini? Na kama si safi, utanifaa nini mbele ya Mola wangu?"

Akamtoa kwa upole, kisha akajiandaa kwenda kumweleza liwali. Bi Rumana alimsihi asiende, kwani watu watasema ni yeye aliyemtuma mnyapara. Hata liwali, alipomsikiliza, alimuuliza kama anajua kwamba neno hilo laweza kumgeukia.

"Najua," akajibu. "Lakini umeniweka kando ili haki ipite. Nikilificha hili, nitakuwa nimerudi kukaa katikati ya njia."

Basi wafanyakazi wakahojiwa mmoja mmoja, mnyapara akiwa mbali. Wawili walisema kwamba Dhakwani ndiye aliyekuwa akiyakata maji ya mjane na kumfungulia Harithi, naye Harithi humpelekea tende na mbuzi. Walipouliza, aliwanyamazisha kwa kusema ni amri ya Shuaibu. Harithi alipoitwa, alikiri.

Liwali akamtakasa Shuaibu mbele ya watu na kumwamuru arudi kazini. Lubaba alikuwepo.

"Sikuwa na nia ya kukuvunjia heshima," akamwambia Shuaibu. "Kabla ya kushitaki nilikuja kwako mara tatu. Kila mara mnyapara aliniambia umepumzika, nisikusumbue."

Shuaibu akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Yeye aliiba, lakini mimi ndiye niliyelala."

Akaomba zamu ya shamba lake mwenyewe apewe Lubaba mpaka mavuno. Mwaka huo mikomamanga ya Shuaibu ilikauka, na tangu hapo akawa anawasikiliza wenye malalamiko kwa masikio yake mwenyewe.

Ndugu zangu, wapo miongoni mwetu ambao wakiambiwa wapishe uchunguzi siku chache tu, huona heshima zao zimeuawa. Shuaibu mkono wake ulikuwa safi, na bado siku chache za kukaa nyumbani zilimwonyesha ambacho miaka kumi na tisa ya cheo haikumwonyesha. Mola atupe nyoyo zisizoogopa kuchunguzwa hapa duniani, kabla ya Siku ambayo hakuna atakayeombwa kupisha.