Mikate ya Jana Nyumbani kwa Ngiri

"Mkate ukikauka, umekosa nini?"

Aliuliza Kanga. Hakuna aliyemjibu. Basi nijibuni mimi. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa na desturi. Mkate uliolala hauliwi. Asubuhi unatupwa mtoni, chubwi! Majirani wote wauone. Ndiyo heshima ya nyumba, walisema. Heshima gani hiyo?

Siku moja Bi Swala akajifungua nyumbani kwa jirani yake, Mzee Ngiri. Mvua ikanyesha, shaa! shaa! Njia ya sokoni ikakatika. Unga ukaisha. Mzazi hana maziwa. Mtoto analia, mee! mee! Jikoni mna nini? Mikate saba ya juzi, ambayo mvua ilizuia isitupwe. Ngiri akaibeba, huyooo, mtoni.

Kanga, aliyekuja kumtazama mzazi, akamzuia mlangoni.

"Unakipeleka wapi chakula, mzee?"

"Chakula? Hebu gonga." Ko! ko! ko! "Nimlishe mzazi mawe? Majirani watasemaje?"

"Majirani ndio watakaomnyonyesha mtoto?"

Ngiri akaitazama mikate mikononi. Ndipo Kanga akauliza lile swali. Ndani mtoto akalia, mee!

Ngiri akarudi ndani. Kanga akageuza mkate mmoja mmoja penye mwanga. Sita mikavu, misafi. Wa saba una ukungu wa kijani pembeni.

"Huo ukwangue tu," akasema Ngiri. "Tusipoteze chakula."

"Ala! Leo umekuwa bahili? Ukungu unaouona ni wa juu. Ndani umeshaingia, huuoni. Huo hauliwi, wala kifaranga hapewi."

Akaufukia mbali.

Ile sita akaikata, ka! ka! ka! Akailoweka kwenye tui, akatia iliki, akaichemsha. Tok, tok, tok, mpaka ikalainika. Bi Swala akala ya moto. Akala tena. Jioni maziwa yakashuka. Mtoto akanyonya, akanyamaza.

"Ahsante, mdogo wangu," akasema Bi Swala, machozi yanamtoka. "Nawe ahsante, Mzee Ngiri, kwa kurudi kutoka mlangoni."

Ngiri akatazama chini. "Ahsante, Kanga. Mto huu nimeulisha miaka mingapi mimi!"

Mkate mkavu ni chakula. Wenye ukungu si chakula. Na heshima ya nyumba ni watu wake kushiba.

Hadithi yangu imefika ukingoni mwa mto, haivuki. Nawe uliyenisikiliza, nakuomba: kesho asubuhi, kabla hujautupa mkate wa jana, ugeuze kwanza, uutazame.